Somo la Afya: Macho Yanayoshindwa Giza Linapoingia

Andiko la kusoma pamoja: Yohana 9:1-3

Wengi mlituomba tuandike juu ya macho. Somo hili ni refu kuliko yale tuliyozoea, kwa hiyo lisomeni kwa vipande. Tunaomba pia lisomwe kwa sauti, kwa sababu katika nyumba nyingi mwenye shida ya macho ndiye asiyeweza kujisomea.

Nyumba mbili

Tunaanza na jambo lililotokea kati yetu, kwa kuwa tunalo deni ndani yake.

Mwezi wa Mei 2015 watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac walikimbia kwa njia ya ziwa. Waliopita huko wanakumbuka Kagunga, ule ufuko mwembamba chini ya mlima, kipindupindu kilivyotushika pale, na meli ya MV Liemba ilivyokuwa ikitubeba kwa zamu kwenda Kigoma. Familia mbili za karibu na Rumonge zilivuka katika safari moja na baadaye zikapewa viwanja jirani. Tutaziita nyumba ya kwanza na nyumba ya pili.

Katika nyumba ya kwanza walikuwamo watoto wawili wadogo waliougua surua. Surua ilipokwisha, mama yao aliona kwamba jua likizama watoto hawatembei tena. Wanakaa pale pale walipo. Wakiitwa kula wanatafuta sahani kwa mikono. Alisema wamekuwa kama kuku. Akawapeleka kituo cha afya, wakapewa vitamini A, na baada ya siku chache watoto walikuwa wakikimbizana uani hata jioni. Tulifurahi sana. Jumapili tulimsimamisha mama huyo mbele ya kanisa, akashuhudia.

Katika nyumba ya pili alikuwamo kijana wa miaka 16. Shida yake ilianza kule kwetu. Alikuwa amechukuliwa na wavuvi wa ndagala, na ninyi mnajua kazi ile hufanyika usiku usio na mwezi, kwa taa. Wenzake waliona anakanyaga nyavu, anagonga makasia, anashika hewa anapopewa kamba. Penye taa anaona vizuri, lakini akigeuza uso kuelekea gizani haoni kitu. Walimcheka, kisha wakamwogopa, mwisho wakamshusha. Mama yake aliposikia ule ushuhuda wa nyumba ya kwanza alikwenda kuomba dawa ile ile. Haikubadili kitu. Akaja kwetu kuomba maombi. Tuliomba. Haikubadili kitu. Ndipo mmoja wetu akamwambia kwamba labda kuna jambo limefichwa nyumbani kwake.

Neno hilo dogo lilizaa makubwa. Mama alianza kulitafuta lililofichwa, na msako wake ukaishia kwa mama mkwe. Bibi yule, mjane wa miaka zaidi ya 70, alihama akaenda kulala kwa jirani kwa sababu wajukuu walikatazwa kupokea chakula mkononi mwake. Hali hiyo ilidumu karibu mwaka mzima, nasi tukiwa tunapita pale kila wiki kwenda kwenye ibada.

Siku moja ilikuja timu ya madaktari wa macho. Walimtia kijana matone ya kupanua mboni, wakammulika hadi nyuma ya jicho, kisha wakauliza swali ambalo sisi hatukuwahi kuliuliza: katika ukoo wenu, ni nani mwingine aliyekuwa hivi? Mama alinyamaza kidogo. Akasema kaka yake, mjomba wa kijana, alikuwa akishikwa mkono na mtoto tangu akiwa na miaka 40. Na mjomba wake yeye mwenyewe pia.

Basi ugonjwa ulikuwa umepita upande mwingine kabisa wa ukoo, na bibi yule hakuwa na uhusiano nao hata kidogo. Tulikwenda kwake watu watatu kumwomba radhi. Alitupa viti, akatusikiliza, hakusema mengi. Alirudi nyumbani wiki ile. Tunaandika haya kwa ruhusa ya nyumba zote mbili.

Mkisoma andiko la leo mtaona kwamba wanafunzi waliuliza swali lile lile tulilouliza sisi: nani alikosa, ni huyu au ni wazazi wake? Yesu alijibu si huyu wala si hao. Tulikuwa tumelihubiri andiko hilo mara nyingi.

Wavu ulio nyuma ya jicho

Ili kuelewa kwa nini watoto wa nyumba ya kwanza walipona na kijana wa nyumba ya pili hakupona, lazima tuingie kidogo ndani ya jicho.

Mwanga huingia kwa mboni, yaani lile tundu jeusi la katikati. Hupita katika lenzi, ambayo ni kama kioo safi, na kufika nyuma kabisa, kwenye utando mwembamba unaoitwa retina. Neno hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya wavu. Wavuvi wetu watalielewa upesi: mwanga ni ndagala, na retina ni wavu unaowanasa. Jicho linaweza kuwa zuri kwa nje, jeupe, lisilo na maumivu wala tongotongo, lakini wavu wa ndani ukiwa umetoboka hakuna kinachonaswa. Ndiyo sababu ugonjwa wa retina haujulikani kwa kumtazama mtu usoni. Tena retina haina mishipa ya kusikia maumivu. Inaweza kuungua au kuoza, na mwenyewe asisikie hata mwasho.

Wavu huo una nyuzi za aina mbili. Ziko chembe kama milioni 6 hivi, nyingi zikiwa zimekusanyika katikati, ambazo hufanya kazi penye mwanga mwingi. Hizo ndizo zinazotuwezesha kusoma, kutambua sura na kuona rangi. Ziko nyingine kama milioni 120, zilizotandazwa kuelekea pembeni, ambazo hufanya kazi penye mwanga hafifu. Hizi za pili ndizo macho yetu ya usiku. Zina kitu cha rangi ya zambarau nyekundu kinachonasa mwanga mdogo, na mwili hukitengeneza kwa vitamini A.

Sasa tazameni. Watoto wa nyumba ya kwanza walikuwa na wavu mzima uliokosa vitamini A. Surua huimaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini upesi sana, hasa kwa mtoto aliyekuwa akila vibaya tangu safarini. Walipoipata, wavu ulifanya kazi tena. Kijana wa nyumba ya pili alikuwa na vitamini ya kutosha, ila chembe zenyewe za usiku zilikuwa zinakufa moja moja. Dalili ya jioni ni ile ile, lakini magonjwa ni mawili.

Mawese, sombe na rangi nyekundu

Kwa habari ya chakula, watu wa Rumonge tunayo sababu ya kujisifu kidogo. Mafuta ya mawese ambayo hayajasafishwa, yale mekundu yanayopikwa katika michikichi yetu ya Imbo, ni miongoni mwa vyakula vya mimea vyenye asili ya vitamini A kwa wingi kabisa duniani. Wekundu ule ndio wenyewe. Lakini tunao mtindo wa kuyachoma mafuta katika sufuria mpaka yawe meupe, ati yasinukie. Mkifanya hivyo mmekula mafuta tu, dawa ya macho imekwenda na moshi. Tieni mawese katika mboga kwa moto wa kawaida. Kijiko kidogo kimoja au viwili katika chakula cha mtoto kwa siku husaidia sana. Hatusemi myanywe, maana ni mafuta, na wenye presha wayatumie kwa kiasi.

Sombe iliyotiwa mawese, lengalenga, majani ya maboga, maembe, mapapai, karoti na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vyote vina asili hiyo hiyo. Mboga za majani zataka mafuta kidogo ili mwili uweze kuichukua vitamini yake, kwa hiyo mboga ya kuchemsha kwa maji na chumvi peke yake haimfai sana mtoto. Mayai, maziwa na maini ya mnyama au ya samaki vina vitamini A iliyo tayari. Mafuta ya mgawo nayo kwa kawaida huongezewa vitamini A na D kiwandani. Yafunikeni na kuyaweka mahali pasipo na jua. Mafuta yanayouzwa sokoni katika chupa nyeupe zilizoanikwa juani tangu asubuhi yamepoteza sehemu ya faida yake.

Watoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kidonge kimoja cha vitamini A cha bluu, chenye vipimo 100,000. Wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka 5 hupewa chekundu chenye vipimo 200,000, kila baada ya miezi 4 hadi 6. Msiwafiche watoto siku hiyo. Tunajua habari zinazozungushwa kwamba vidonge hivyo vina jambo lake. Tumewapa watoto wetu wenyewe, na wako hai wanatusumbua.

Mtoto asiyeona jioni, au mwenye mapovu meupe makavu juu ya weupe wa jicho, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asipotibiwa, kioo cha mbele cha jicho huweza kulainika na kupasuka, na hapo upofu haurudi nyuma tena. Aliye na surua hupewa vitamini A siku mbili mfululizo hata kama macho yake bado ni mazima.

Neno kwa wakubwa. Vidonge vyenye vipimo vikubwa si vya kununua sokoni na kumeza kila siku. Vikizidi huharibu ini, na mama mwenye mimba vinaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Vitamini ya mawese na mboga haina hatari hiyo, kwa sababu mwili hujigeuzia kiasi unachohitaji.

Retina inayochakaa kwa kurithi

Ugonjwa wa kijana wetu madaktari huuita retinaitisi pigimentosa. Duniani huwapata kama mtu 1 kati ya 4,000, kwa hiyo katika makazi yenye makumi ya maelfu ya watu si ajabu kuwapo kadhaa. Kwanza usiku hupotea, mara nyingi katika utoto au ujana. Baadaye pembeni hupotea, polepole, kwa miaka mingi, mpaka mtu anakuwa kama anatazama dunia kwa bomba la mwanzi. Katikati ndiko hubaki mwisho.

Hapa pana jambo linaloleta ugomvi majumbani. Mtu kama huyu aweza kusoma Biblia yenye herufi ndogo saa sita mchana, na dakika hiyo hiyo akajikwaa kwenye ndoo iliyo miguuni pake. Watu husema anajifanya. Binti hupigwa kwa kuvunja vyombo, mtoto wa shule huitwa mzembe, mume hudhani mkewe ameanza dharau kwa sababu amempita njiani asimsalimie. Yeye hakumwona. Kama mnaye mtu wa namna hiyo, kabla ya kumkemea mwambieni atazame mbele yenu bila kugeuza macho, kisha sogezeni mkono kutoka pembeni, muone ni wapi anaanza kuuona.

Ugonjwa huu hurithiwa kwa njia zaidi ya moja. Mara nyingine mama asiyeumwa, au anayeumwa kidogo tu, huwapitishia watoto wa kiume, kama ilivyokuwa katika nyumba ya pili. Mara nyingine baba na mama wote wawili wanaubeba bila kujua, na hilo hutokea zaidi wakiwa ndugu wa damu. Mara nyingine mzazi mgonjwa humpa mtoto moja kwa moja. Haikupasa mama wa nyumba ya pili, baada ya bibi kuachiliwa, awe yeye wa kunyooshewa kidole. Na wako waliojaribu. Tuliwaambia waache.

Je, kuna tiba? Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya kurekebisha urithi ndani ya retina, lakini inafaa aina moja tu ya ugonjwa, inayotokana na kasoro katika jeni moja, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 850,000 kwa macho mawili. Tunaitaja ili mjue mambo mawili: wataalamu hawajalala, na yule anayewauzia chupa ya dawa ya retina sokoni kwa fedha ya mbuzi anawaibia. Tusiongeze mengi.

Ila kutokuwapo kwa tiba si sababu ya kutokwenda kwa daktari. Wagonjwa wa retina mara nyingi huota pia mtoto wa jicho, yaani lenzi huwa na ukungu, na huo hutolewa kwa upasuaji. Tumemwona mzee mmoja aliyeambiwa na watu kwamba macho yake yamekufa, akakaa ndani miaka minne. Alipopasuliwa alirudi kuweza kutambua sura za wajukuu. Retina yake haikupona, ukungu uliokuwa mbele yake ndio uliondolewa. Kama angepelekwa mapema, miaka ile minne isingepotea. Wanaopewa rufaa kwenda mbali hupelekwa hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam au KCMC ya Moshi. Njia ni ndefu, na makaratasi ni mengi, tunajua.

Kofia pana na miwani ya jua humpunguzia mwenye retina dhaifu uchungu wa mwanga wa ziwani na wa mabati. Wale wenye ualbino wanayahitaji kuliko wote. Retina yao haikukamilika katikati tangu kuzaliwa, kwa hiyo hawaoni mbali, na miwani peke yake haimalizi tatizo. Mtoto mwenye ualbino akae dawati la mbele, aruhusiwe kusogeza daftari karibu na uso. Walimu mtusaidie.

Mambo mengine yanayoharibu retina

Wazee waliolima kando ya mito inayoporomoka kutoka milima ya Bururi wanaujua usubi, inzi mdogo mweusi anayeuma mchana. Huyo hueneza ugonjwa unaoitwa upofu wa mto. Mnyoo mkubwa hukaa chini ya ngozi miaka 10 hadi 15 akizaa vijidudu visivyohesabika. Vingine hufika machoni, na vikifa huwasha na kutia makovu kwenye kioo cha mbele, kwenye retina na kwenye mshipa unaokwenda ubongoni. (Rumonge ilikuwa katika mkoa wa Bururi hadi mwaka 2015, ikawa mkoa wenyewe, na tangu 2025 imo katika mkoa wa Burunga. Vijana wakisikia wazee wakisema Bururi wasidhani wamekosea.) Dawa yake ni Mectizan, ambayo kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure tangu 1987. Inaua vijidudu, haimuui mnyoo mkubwa, kwa hiyo hunywewa kila mwaka kwa miaka mingi. Haimrudishii kuona aliyekwisha kupofuka. Wenye mimba na watoto walio chini ya miaka 5 hawapewi. Mtu aliyeishi maeneo yale, mwenye upele unaowasha usiokwisha na vinundu chini ya ngozi, amweleze mganga alitoka wapi. Huku tulikohamia huenda asilifikirie jambo hilo.

Trakoma haigusi retina, lakini tumeulizwa. Mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Burundi imeuondoa ugonjwa huo kama tatizo la afya ya jamii. Kunawa uso, vyoo, dawa iliyogawiwa vijijini na upasuaji wa kope ndivyo vilivyofanya kazi hiyo.

Sukari na presha sasa ziko kati yetu kuliko zamani. Sukari ikikaa juu miaka mingi hutoboa mishipa midogo ya retina, damu ikavuja, na mtu haoni tofauti yoyote mpaka siku ambayo uharibifu umekwenda mbali. Kwa hiyo mwenye sukari achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka hata kama anaona sindano. Kuna matibabu ya mionzi na sindano yanayoweza kuzuia upofu, yakiwahi. Presha ifuatwe vilevile. Na hapa tunasema kwa upendo lakini bila kuficha: wako waliotupa vidonge vya presha na sukari baada ya kuombewa. Isaka, Yakobo na Eli wote macho yao yalififia uzeeni, na Biblia haiwahesabii kuwa ni kukosa imani. Ombeni, na mmeze dawa.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi wasiziache pia, maana kinga ikishuka sana huweza kuingia maambukizo yanayoila retina kwa wiki chache.

Kwinini ikizidishwa inaweza kuleta upofu wa ghafla. Msijiongezee vidonge kwa sababu homa imekawia kushuka. Sigara nayo huiharibu retina ya wazee sehemu ya katikati, ile ya kusomea.

Na jua. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watoto wengi walitazama kwa macho matupu au kwa ndoo ya maji. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, kikamilifu huko kusini mwa Misri na kwa sehemu katika nchi za Afrika Mashariki. Retina huungua bila maumivu, kama tulivyosema, na kovu hukaa katikati kabisa. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi, wala picha ya eksirei. Watoto waambiwe mapema.

Mambo yasiyongoja kesho

Mtoto mchanga au mdogo ambaye mboni yake inang'aa nyeupe, kama jicho la paka likimulikwa, anaweza kuwa na saratani ya retina. Mara nyingine huonekana kwanza katika picha ya simu. Ikiwahiwa mtoto huokolewa, ikichelewa humuua. Msingoje jicho livimbe.

Mtu mzima anayeona ghafla vimulimuli, nukta nyeusi nyingi zikielea, kisha kama pazia linashuka upande mmoja, retina yake huenda inabanduka. Ni haraka ya siku, si ya wiki. Mama mwenye mimba anayeona nyota au ukungu pamoja na kichwa kuuma akimbizwe usiku huo huo, kwa maana inaweza kuwa presha ya mimba, na hapo hatuzungumzii macho tu bali uhai wake.

Msitie kitu jichoni: si maziwa, si mkojo, si maji ya majani, si matone yaliyobaki ya jirani. Matone mengine ya dukani hutuliza wekundu kwa wiki moja, na yakitumiwa miezi huleta presha ya jicho.

Kuishi na asiyeona vizuri

Kijana wetu sasa ni fundi cherehani. Hushona mchana tu, mlangoni, mwanga ukitoka nyuma yake ukiangukia kitambaa. Anasema kilichomsaidia zaidi si miwani bali dada zake kukubali kuacha vitu mahali pamoja. Ndoo ina mahali pake, jiko lina mahali pake, mlango hufungwa kabisa au hufunguliwa kabisa, haukai nusu. Njia ya kwenda chooni wameitia mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili. Anatembea na tochi yenye nguvu usiku, na fimbo nyeupe ambayo mwanzoni aliionea aibu. Ukimwongoza, yeye ndiye akushike mkono juu ya kiwiko, usimsukume mbele yako kama mkokoteni.

Ameanza kujifunza nukta nundu akiwa bado anaona katikati. Wengine walimkataza, wakisema ni kujitabiria mabaya. Sisi tulimwunga mkono. Wazazi wenye watoto wadogo wajue kwamba shule za wasioona zipo: ile ya Buigiri, Dodoma, ilianza 1950, na iko ya Furaha huko Tabora. Na msimtoe shuleni mtoto anayeona ili awe fimbo ya babu yake mchana kutwa. Wekeni zamu katika nyumba, na majirani wa kanisa waingie katika zamu hiyo.

Mnaojiandaa kurudi Rumonge, ombeni karatasi zenu za macho mapema, pamoja na jina la ugonjwa lililoandikwa wazi, na dawa za mwezi mzima. Ikiwa safari ni ya boti, mwenye kuona kwa shida apandishwe mchana na aketi katikati.

Kazi ya wiki hii ni moja. Jioni moja, jua likiisha kuzama lakini kabla ya kuwasha taa, kaeni na watoto uani. Tupeni maharage meupe machache chini na mwambie kila mtoto aokote. Tazameni nani anapapasa. Kisha ulizeni wazee ni nani katika ukoo, upande wa baba na upande wa mama, aliyeshikwa mkono kabla ya uzee. Andikeni majina na kuyaleta Alhamisi baada ya ibada, tutakaa chini ya mwembe na muuguzi mpaka saa kumi.